Binti ameitwa kusoma biokemia chuo kidogo: jibu langu kwa mzee aliyeuliza

Mzee wangu, shikamoo. Na wengine mlio kwenye uzi huu, hamjambo.

Nimesoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia. Umesema binti yako alipata alama ya B kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, akajaza udaktari na uuguzi, na KUCCPS, shirika linalopangia wanafunzi vyuo, likampa shahada ya biokemia kwenye chuo kidogo ambacho hata majirani zako hawakijui. Shemeji yako anakwambia uachane nacho, umpeleke KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akasomee diploma ya maabara za tiba, baada ya miaka mitatu awe na kazi. Unauliza biokemia ni kitu gani hasa, kama ina kazi, na kama udogo wa chuo utamharibia. Mwisho umeuliza kama kozi inaweza kubadilishwa.

Nilisoma biokemia kwenye chuo kidogo, mbali na Nairobi. Leo nasimamia maabara ya kupima vyakula na maji huku Pwani. Chuo sitakitaja wala mwajiri wangu, lakini mengine nitakueleza kama ninavyomweleza ndugu yangu.

Nianze na jambo litakaloamua mengine yote, na ambalo sioni aliyeligusa: hospitali. Wazazi wengi wakisikia biokemia wanamwona mtoto ndani ya koti jeupe akipima damu za wagonjwa. Shahada hii haimfikishi huko. Hapa Kenya anayepima sampuli za mgonjwa na kutia sahihi majibu lazima awe amesajiliwa na KMLTTB, bodi ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba iliyoundwa kwa sheria ya 1999, na bodi hiyo husajili watu waliosomea sayansi ya maabara za tiba. Biokemia ni kozi nyingine kabisa. Binti anaweza kuhitimu kwa daraja la kwanza, akajua jinsi vimeng'enya (enzaimu) vya ini vinavyofanya kazi kumshinda yule anayevipima kila siku, na bado asiweze kuajiriwa kwenye maabara ya hospitali ya kaunti. Baadhi ya wenzangu wa darasa waliligundua hilo wakiwa tayari wamehitimu, bahasha ya vyeti mkononi, mbele ya afisa wa wafanyakazi. Hakuna aliyekuwa amewadanganya. Hakuna aliyekuwa amewaambia, basi. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kwa hiyo shemeji yako ana hoja. Ikiwa moyo wa binti uko kwa wagonjwa, KMTC ni njia halali na fupi, na diploma ile mtu anaweza kuiendeleza baadaye hadi shahada. Asionekane ameshuka. Kaa naye chini umuulize, bila haraka na bila shemeji kuwepo: kinachomvuta ni kumhudumia mtu aliye mbele yake, au ni kutaka kujua kwa nini kitu kinatokea ndani ya mwili, ndani ya mmea, ndani ya gunia la mahindi? Akikujibu la kwanza, aende maabara za tiba au uuguzi. Akikujibu la pili, endelea kusoma.

Biokemia ni kemia ya vitu vyenye uhai: protini, mafuta, sukari, vinasaba, na jinsi mwili unavyovivunja na kuviunga. Nikupe mfano wa hapa kwetu. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) unaujua, hakuna mtaa wa Pwani usiokuwa na mtoto anayeumwa viungo kwa sababu yake. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya wagonjwa hao ni tofauti na ya watu wengine, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni ndogo ajabu: kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino moja, ile ya sita, ni valini badala ya asidi glutamiki. Hilo tu. Mwaka huohuo wa 1949 kijana aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alikuwa akizunguka nchi hii kukusanya sampuli za damu. Akaona kwamba watu wenye chembe moja ya urithi wa selimundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba chembe hiyo ikiwa moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Yaani moja ya hadithi kubwa zinazofunguliwa nazo vitabu vya biokemia duniani kote ilitokana na damu ya watu wetu. Nilipofundishwa hilo mwaka wa kwanza nilikaa kwenye kiti nikawaza watoto wa mtaa wetu mmoja mmoja. Kama binti yako ni wa kuguswa na jambo la namna hiyo, kozi hii itamfaa.

Sasa udogo wa chuo. Watu wanauzungumzia kama ugonjwa. Sisi darasani tulikuwa wachache, wahadhiri walitujua kwa majina, walijua nani karo imemkwama na nani hajaonekana wiki nzima. Rafiki zangu waliokwenda vyuo vikubwa walinieleza jinsi majaribio yao yalivyokuwa: kundi zima limezunguka meza moja, mmoja ameshika pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kupima majimaji kidogo, wengine wanaandika anachokisoma. Mtu anamaliza miaka minne akiwa ameandika tu. Kwetu zamu ilikufikia, upende usipende.

Mhadhiri wetu wa mwaka wa kwanza alitufundisha kushika pipeti kwa kupima maji. Unavuta maji mikrolita 1000, unayamimina kwenye chombo kilicho juu ya mizani, na mizani inatakiwa isome karibu gramu 1. Unarudia, unaandika kila namba. Ukipata 0.97, kisha 1.02, kisha 0.95, basi kidole gumba hakijatulia, au ncha haikukazwa, au umevuta kwa pupa ikaingia hewa. Ukiinamisha pipeti namba inabadilika. Ukisahau kulowesha ncha kwanza namba inabadilika. Hakuturuhusu kugusa kimeng'enya chochote hadi namba zetu zilipotulia, na tulinung'unika kweli, kwa sababu tulikuja kusoma vinasaba na tukajikuta tunapima maji ya mfereji yaliyochujwa. Leo mimi ndiye ninayesimamia maabara, na wakaguzi wanaokuja kuangalia kama tunafuata kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO 17025, huuliza kitu kilekile: onyesha rekodi ya pipeti zako, nani alizipima, lini, kwa maji ya nyuzi ngapi za joto. Kila ninapomhoji kijana anayetafuta kazi, nampa pipeti na mizani kabla sijafungua cheti chake. Wapo waliotoka vyuo vyenye majina makubwa wasioweza. Wapo waliotoka vyuo usivyovisikia, namba zao zinakaa mstari mmoja.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Vifaa vilikuwa haba. Spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi ya majimaji, ilikuwa moja na tuliipangia foleni. Mashine ya PCR, ya kunakili vinasaba, ilikaa muda mrefu ikingoja kipuri. HPLC, ile mashine ya kutenganisha kemikali ambayo kila tangazo la kazi ya maabara linaitaja, tuliiona kwenye picha za somo tu. Kemikali zilikwisha katikati ya muhula. Migomo ya wahadhiri nayo ilitusogezea tarehe ya kuhitimu, ingawa hilo halichagui chuo kikubwa wala kidogo. Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, nendeni chuoni mkiweza, au mpigie mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne. Msiulize kama chuo ni kizuri, atawaambia kizuri. Ulizeni: mwaka huu mmefanya majaribio mangapi kwa mikono yenu? Mashine gani inafanya kazi leo? Waliohitimu mwaka jana walifanya mafunzo ya nyanjani wapi? Mkifika na kukuta maabara imefungwa siku ya kazi, ulizeni ufunguo unakaa kwa nani na hufunguliwa siku zipi.

Uhaba wenyewe pia hufundisha, mradi mhadhiri ni mtu wa kujituma. Mradi wangu wa mwaka wa nne ulikuwa wa muhogo. Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini. Ukikwaruzwa au ukisagwa, kimeng'enya chake chenyewe, linamarasi, huivunja, na mwisho wake hutoka sianidi. Ndiyo sababu mama zetu huuloweka, huuanika, na muhogo mchungu hawaupiki kama ule mtamu. Hatukuwa na mashine ya bei ghali ya kupima. Tulitumia karatasi za pikrati, vipande vya njano unavyovitundika ndani ya chupa iliyofungwa pamoja na unga wa muhogo na maji kidogo, ukauacha usiku kucha. Asubuhi karatasi imebadilika: njano ikiwa sianidi ni kidogo, ikielekea rangi ya machungwa na kahawia kadiri inavyozidi. Unaiosha kwa maji, unasoma rangi ya maji hayo kwenye spektrofotomita, unapata kiasi. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwenye unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Nilikwenda kwa mama wauza unga sokoni, nikanunua, nikawauliza wanavyouandaa, nikapima. Waliokuwa wameuloweka vizuri na kuuanika juani hadi ukakauka kabisa walikuwa salama, na walioharakisha walizidi kiwango. Hapo ndipo nilipoelewa kozi yangu inafanya nini duniani. Na kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi sikuulizwa mzunguko wa Krebs. Niliulizwa ule muhogo.

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa mafunzo ya nyanjani, ile wanafunzi wanaiita atachimenti. Nilipelekwa kwenye kiwanda cha kusaga mahindi. Wenzangu walinionea huruma, wao walikuwa wamepata ofisi zenye kiyoyozi. Lakini kiwandani kila lori linaloingia lazima lipimwe sumukuvu ya aflatoksini kabla halijashusha. Mwaka 2004 sumu hiyo iliugusa ukanda wa Mashariki ya nchi hii, Makueni, Kitui na jirani zake. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na kisa kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kikomo chetu leo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote kwa pamoja, na 5 kwa ile aina ya B1 peke yake.

Basi lori linasimama getini. Unapanda juu na mkuki wa sampuli, unaudunga magunia ya juu, ya kati, ya pembeni, ya nyuma, kwa sababu kuvu haikai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi na la pili yake limeoza katikati. Unachanganya, unasaga zote, unapima gramu zako, unatia methanoli iliyochanganywa na maji, unatikisa, unachuja. Kisha ELISA, kisahani chenye vishimo vidogo vinavyogeuka rangi. Kwa kipimo hiki mambo yako kinyume na mtu anavyodhani: rangi ikikolea sumu ni chache, rangi ikipauka sumu ni nyingi, kwa sababu sumu ya kwenye sampuli inagombania nafasi na ile iliyowekwa rangi. Dereva yuko chini anakutazama. Mwenye mahindi amepiga simu tayari kwa meneja. Ukisema lori lirudi, kuna mtu anapoteza fedha nyingi siku hiyo. Ukisema lipite na namba zinakataa, kuna mtoto usiyemjua atakayekula ugali huo. Nilikuwa bado mwanafunzi, na msimamizi wangu aliniambia jambo moja: andika namba kama ilivyo, tia sahihi, mengine niachie. Kwa nini sumu hiyo inaua nilikuwa nalijua kutoka darasani, kwamba ini lenyewe, likijaribu kuisafisha, huigeuza kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA. Kulijua hilo na kuwa na lori mbele yako kulinifanya mtu mwingine.

Viwanda vya vyakula ndiko walikoishia wengi wa darasa letu: vinu vya unga, maziwa, vinywaji, sukari kule Magharibi, samaki, chai. Kazi inaitwa udhibiti wa ubora. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, zamu za usiku zipo, na mwaka wa kwanza mtu anaweza kuwa kibarua wa mkataba mfupi. Anayepanda ni yule anayejiongeza: asome HACCP na ISO 22000 za usalama wa chakula, asome ISO 17025 ya maabara, ajue kuandika ripoti inayosomeka. Binti akiwa na shahada hii na vyeti hivyo, akafanya kazi miaka miwili mitatu kwa bidii, hatafutiwi kazi na mjomba. Kuna pia maabara binafsi za upimaji, kubwa kwa ndogo, hapa Mombasa kwa sababu ya bandari na Nairobi, zinazopima mizigo inayoingia na kutoka. Hizo ni shule ya pili kwa kijana.

Njia nyingine ni utafiti, na hapa nchi yetu imebarikiwa kuliko wengi wanavyojua. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ipo tangu 1979. Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti, kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, na dunia nzima ya malaria inakijua. Ile habari ya selimundu na malaria niliyokuhadithia inaendelea kuchunguzwa hapo hadi leo. Nairobi kuna ICIPE, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na ILRI ya mifugo. Sehemu hizi huchukua vijana wa mafunzo kwa ushindani wa kweli, na nimeona watoto wa vyuo vidogo wakiingia. Wakati wa korona, 2020, aliyejua kuendesha PCR alitafutwa usiku na mchana, na vinasaba vya virusi kutoka sampuli za Pwani vilisomwa palepale Kilifi na vijana wa Kiafrika.

Ila utafiti una udhaifu wake na binti aujue mapema. Mkataba unafuata mradi, na mradi unafuata mfadhili. Mwaka au miwili, mradi umekwisha, unaanza kuomba tena. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi mingi ya afya hapa Kenya ilisimama na watu wazuri sana wakarudi nyumbani. Wenzangu walioko utafiti na waliotulia ni wale waliosonga hadi uzamili na uzamifu. Shahada ya kwanza peke yake huko hukuweka kwenye benchi, ukiwafanyia wengine majaribio yao.

Kwa uzamili, milango ipo na mingine hailipishi. Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia, PAUSTI, pale JKUAT Juja, yenye programu ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, na hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa bara zima. DAAD ya Ujerumani hufadhili wanaosoma humuhumu Afrika. Nyingi ya fursa hizi huanzia kwenye daraja la pili la juu, kwa hiyo mwaka wa kwanza si wa kuuchezea. Wanafunzi wengi huuharibu wakidhani watafidia mbele.

Nimwombee pia ajifunze kompyuta, nikimaanisha kompyuta ya kazi. Vinasaba vikishasomwa na mashine huja kama mamilioni ya herufi, na anayeweza kuzichambua kwa lugha za kompyuta kama Python au R ana kazi ambayo haihitaji hata maabara ya chuo iwe na vifaa. Hili kwa mwanafunzi wa chuo kidogo ni ukombozi mkubwa. Inatosha laptopu ya kawaida, intaneti na uvumilivu. Kuna mtandao wa mafunzo wa Afrika Mashariki, EANBiT, ambao Chuo Kikuu cha Pwani na ICIPE ni miongoni mwa washirika wake, na umewafunza vijana wengi wa ukanda huu bayoinfomatiki, yaani huo uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono maabara, hata pipeti ikimshinda, leo ni mchambuzi wa data za vinasaba na anatuzidi sote kipato.

Serikalini kuna KEBS ya viwango, KEPHIS ya mimea, KALRO ya utafiti wa kilimo, KMFRI ya bahari na samaki yenye makao yake hapa Mombasa, na Mkemia wa Serikali. Nafasi ni chache na tangazo likitoka waombaji ni wengi mno, lakini hutoka. Kazi ya Mkemia wa Serikali sisi watu wa Pwani tuliijua kwa uchungu. Baada ya vifo vya waumini wa mhubiri mmoja kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na ni vipimo vya DNA, sampuli ya jamaa ikilinganishwa na sampuli ya marehemu, vilivyoziwezesha familia kuanza kupewa wapendwa wao wakawazike mwaka uliofuata. Familia zilingoja kwa muda mrefu. Sijui kama kuna kazi ya maabara iliyo nzito kuliko hiyo, na wanaoifanya wamesoma haya haya ninayokueleza.

Mengine niyapite haraka. Kuuza vifaa na kemikali za maabara: kazi nzuri kwa mwenye ulimi mwepesi, na kamisheni huwa inaonekana. Viwanda vya dawa, vingi Nairobi na vitongoji vyake, huajiri kwa udhibiti wa ubora. Ualimu: TSC, tume ya kuajiri walimu, haitampokea kwa shahada ya sayansi tupu, atahitaji stashahada ya uzamili ya elimu na masomo mawili ya kufundisha, kwa hiyo kama ualimu ndio lengo ni heri aende Shahada ya Elimu tangu mwanzo.

Kuhusu fedha, usisahau kwamba kozi za maabara gharama yake ni kubwa kuliko za darasani. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 hugawa wanafunzi kwa uwezo wa familia, sehemu ufadhili, sehemu mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), sehemu mzazi. Ombeni vyote viwili, ufadhili na mkopo, kwa ukweli na mapema, na mkiona mmewekwa kwenye kundi lisilowafaa mkate rufaa. Wazazi wengi wa huku kwetu hunyamaza wakidhani kilichoandikwa kimeandikwa. Tenga pia fedha za mafunzo ya nyanjani, kwa sababu kiwanda au taasisi mara nyingi haimlipi mwanafunzi, na nafasi nzuri inaweza kuwa mji asiokuwa na jamaa wa kumlaza. Nilimwona mwenzangu mwenye akili nyingi akiiacha nafasi ya Nairobi kwa kukosa kodi ya chumba.

Akienda, haya ndiyo ningemwambia kama angekuwa mdogo wangu. Mwaka wa kwanza amtafute mtunza maabara, yule fundi anayefungua milango na kupanga chupa, amsalimie, amsaidie kuosha vyombo. Kwenye chuo kidogo huyo ndiye anayejua mashine gani inafanya kazi na kemikali zipi zimebaki, na atakayemwachia arudie jaribio lililomshinda. Aweke daftari la maabara la kwake mwenyewe, kwa kalamu ya wino, tarehe kila ukurasa, kosa likatwe kwa mstari mmoja lisifutwe. Barua za mafunzo ya nyanjani aanze kuzipeleka muhula mmoja kabla ya wenzake, na inapowezekana azipeleke kwa miguu yake. Akipelekwa kwenye ofisi ya kurudufu karatasi, aombe kwa adabu kuhamishiwa maabara wiki ya kwanza, asingoje ya sita.

Swali lako la mwisho, la kubadilisha. KUCCPS hufungua muda wa uhamisho baada ya kutoa nafasi, na maombi hufanywa kwenye tovuti yao kwa akaunti ya binti mwenyewe. Atahitaji kuwa amefikia alama za kozi anayoitaka kwa mwaka huo, na kozi hiyo iwe na nafasi iliyobaki; udaktari kwa B usitegemee, uuguzi na maabara za tiba angalieni alama za mwisho zilizochukuliwa kabla ya kujaza. Maombi ya KMTC nayo siku hizi hupitia hukohuko. Dirisha halikai wazi kwa muda mrefu, na likifungwa hakuna wa kulifungua, kwa hiyo mazungumzo yako na binti yafanyike wiki hii. Akishaamua, nitumie ujumbe wa faragha na jina la chuo. Kama nina mtu niliyesoma naye anayefundisha huko, au aliyehitimu hapo, nitawaunganisha.